Breki zinapiga mluzi na pedali imelegea: je, nibadili pedi mwenyewe nyumbani?

"Fundi habari za kazi. Gari yangu ni ndogo, otomatiki, inapiga mluzi mbele kila nikikanyaga breki, hasa ninapokaribia kusimama. Ina kama mwezi sasa. Wiki iliyopita taa nyekundu ya breki ikawa inawaka nikikata kona halafu inazima, nikafungua boneti nikakuta mafuta ya breki yako chini ya alama, nikaongeza. Ila tangu juzi naona pedali imekuwa laini, inashuka zaidi ya zamani. Fundi mmoja kaniambia nibadili pedi na diski zote mbili za mbele, rafiki yangu anasema ni pedi tu, kazi ya saa moja, naweza kufanya mwenyewe nyumbani na jeki iliyokuja na gari. Nimeangalia video nyingi naona kweli rahisi. Nifanye? Na je pedi mpya zitarudisha ugumu wa pedali?"

Mkuu nzuri, karibu. Naanza na swali lako la mwisho maana ndilo lililonishtua: hapana, usitegemee pedi mpya zirudishe ugumu wa pedali. Wewe una matatizo mawili, umeyaweka kapu moja kwa sababu yote yametokea mwezi mmoja na yote yanaitwa breki. Mluzi ni habari ya pedi. Ulaini wa pedali ni habari ya mafuta, au ya kitu kinachobeba hayo mafuta. Hilo la kwanza unaweza kulifanya nyumbani kwako vizuri kabisa, mimi sio wale mafundi wanaosema usiguse kitu, ila hilo la pili ndio linaloamua kama hiyo gari itembee au ipaki kwanza.

Tuelewane kidogo jinsi mfumo unavyofanya kazi, maana ukishaelewa hapa hata video utaziangalia kwa jicho lingine. Ukikanyaga pedali unasukuma fimbo inayoingia kwenye masta, yaani silinda kuu ya breki, masta inasukuma mafuta kwenye mabomba mpaka kwenye kalipa, ndani ya kalipa kuna pistoni, pistoni inasukuma pedi ya ndani ibane diski, na mwili wa kalipa nao unajivuta ili pedi ya nje ibane upande wa pili. Nguvu yote hiyo inapita kwenye mafuta. Mafuta yanakubali kazi hiyo kwa sababu hayabonyei, yaani ukiyasukuma huku yanatoka na nguvu ileile kule. Upepo unabonyea. Kwahiyo upepo kidogo tu ukiingia humo, mguu wako unatumia sehemu ya safari yake kuubonyeza huo upepo badala ya kubana diski, na ndio ile hali unayosema imekuwa laini.

Sasa watu wengi wanaamini pedi zikiisha pedali inashuka. Kwenye breki za diski mambo hayaendi hivyo, na sababu yake ni kitu kimoja kidogo kizuri sana. Ndani ya kalipa, pistoni imezungukwa na raba moja, ukiikata ina umbo la mraba. Ukikanyaga breki pistoni inatoka na ile raba inajipinda kidogo, ukiachia raba inajinyoosha na kuirudisha pistoni nyuma kiasi kidogo mno, sehemu ya milimita tu. Pedi ikiliwa, pistoni inapita kwenye raba na kukaa mbele zaidi, hairudi tena kule mwanzo. Maana yake kalipa inajirekebisha yenyewe kila siku na mguu wako hausikii tofauti, pedi iwe mpya au iwe imebaki bati. Kuna mambo mawili hapa ya kusema ukweli: pedi iliyoliwa upande upande, nene huku nyembamba kule, inaweza kuleta ulaini fulani, na kama nyuma gari yako ina dramu, zile breki zinazobana kwa ndani ya ngoma badala ya diski, ambazo hazijirekebishi vizuri, pedali itasafiri mbali. Lakini hizo sio dhana zangu za kwanza kwako, kwa sababu wewe umenipa kidokezo kikubwa bila kujua.

Kidokezo ni ile taa ya kwenye kona. Pistoni zikikaa mbele zaidi, nafasi nyuma yake inajazwa na mafuta kutoka kwenye ule mkebe wa plastiki chini ya boneti, kwahiyo pedi zikiisha ni kawaida mafuta kushuka taratibu. Yakishuka sana, ukikata kona yanalala upande mmoja, kile kielea kinazama na taa inawaka. Mpaka hapo inaweza kuwa pedi tu zinaomba kubadilishwa. Ila inaweza pia kuwa kuna sehemu inavuja. Kwa nje hali zote mbili zinafanana, na wewe ulichofanya ni kuongeza mafuta ukafuta ushahidi. Sikulaumu, karibu kila mtu anafanya hivyo, lakini mafuta ya breki hayaliwi kama yanavyoliwa mafuta ya injini. Yakipungua yameenda mahali, na kazi yako ni kujua wapi kabla hujamimina mengine.

Na hapa naomba ujiulize: ulimimina nini? Usisome niliyoandika chini kabla hujaenda kuangalia ile chupa. Niliwahi kupokea gari ambayo mwenyewe aliongezea oili ya injini kwenye mkebe wa breki, kijiko kama viwili tu, akasema yote si mafuta. Raba za breki zimetengenezwa zikae na mafuta ya breki, oili ya petroli inazivimbisha zinakuwa kama mkate uliolowa. Tulitoa raba ya masta kwa koleo, haikuwa na umbo. Ikabidi kubadili masta, kalipa, hozi, na kusafisha mabomba yote. Kama uliweka oili ya injini, hidroliki ya usukani au kitu kingine chochote kisicho mafuta ya breki, basi usiwashe gari, usikanyage pedali, ivutwe. Habari ya pedi subiri kwanza.

Kama uliweka mafuta ya breki sahihi, angalia namba. Kifuniko cha mkebe kinaandikwa, mara nyingi DOT 3 au DOT 4. Hizo mbili na DOT 5.1 ni familia moja, zinachanganyika, ingawa ukiweka ya chini kwenye gari inayotaka ya juu unaishusha. DOT 5 peke yake, bila nukta moja, ni ya silikoni na haichanganyiki na hizo, majina yanachanganya kweli kweli na sijui nani aliona ni wazo zuri. Tofauti ya namba ni joto la kuchemka. DOT 3 mpya inatakiwa ihimili angalau nyuzi 205 kabla haijachemka, DOT 4 nyuzi 230. Shida ni kwamba mafuta haya yanafyonza unyevu hewani, hata ndani ya gari iliyopaki, na yakishafyonza maji ya asilimia 3.7 hivi kiwango hicho kinashuka mpaka nyuzi 140 kwa DOT 3 na 155 kwa DOT 4. Ukishuka mlima mrefu na mguu juu ya breki, joto la pedi linapita kwenye pistoni, maji yanachemka, mvuke unatokea ndani ya kalipa, na mvuke unabonyea kama upepo. Pedali inazama. Ukipoa inarudi, mwenye gari anasema ilikuwa bahati mbaya tu. Ndio maana watengenezaji wengi wanasema mafuta yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi, hata kama gari haitembei. Na ile chupa iliyofunguliwa mwaka jana ikakaa stoo usiitumie.

Haya, kabla hujanunua hata pedi moja, fanya kipimo hiki. Gari imepaki mahali tambarare, injini imezimwa. Kanyaga pedali mara nne au tano mpaka iwe ngumu, hapo umemaliza nguvu ya busta, kile kifaa kinachousaidia mguu wako kukanyaga. Sasa kanyaga kwa nguvu ya wastani na ushikilie, hesabu mpaka sitini. Ikibaki palepale, vizuri. Ikiwa inazama taratibu chini ya mguu kama unakanyaga godoro linalotoa hewa, kuna mafuta yanapita mahali: ama yanavuja nje, ama raba za ndani ya masta zimechoka yanapita kurudi kwenye mkebe bila tone hata moja kuonekana chini. Hiyo sio gari ya kwenda nayo popote. Kama haizami ila ulipoanza ilikuwa chini na laini, ukapiga piga haraka ikapanda juu, huo mara nyingi ni upepo, na unaweza kuwa umeingia kule mkebe ulipokuwa karibu mkavu unakata kona, au ni zile dramu za nyuma nilizokutajia. Ukimaliza, ukiwa bado umekanyaga washa injini: pedali itashuka kidogo. Usiogope, hiyo ni busta imeanza kusaidia, inatakiwa ishuke.

Baada ya hapo chukua tochi uzunguke. Angalia upande wa ndani wa kila tairi kama kuna unyevu, pale hozi inapoingia kwenye kalipa, na kama nyuma ni dramu angalia chini ya dramu kama kuna utelezi unaotiririka kwenye ukuta wa tairi. Nyanyua zulia juu ya pedali uangalie kama kuna maji maji yanateremka kutoka kwenye busta. Ukikuta unyevu, jibu limeshapatikana na sio pedi. Usipokuta unyevu, na pedali haizami, basi umebakiwa na suala la kutoa upepo na kubadili mafuta. Ushauri wangu ni kwamba hiyo ya kutoa upepo, kwa mara ya kwanza, mpe fundi. Inataka watu wawili, inataka kufuata mpangilio wa magurudumu wa gari husika, na kwenye baadhi ya gari zenye ABS, ule mfumo unaozuia tairi zisijifunge ukifunga breki ghafla, upepo ukishaingia kwenye ile moduli hautoki mpaka uunganishe mashine. Ukiikosea unajikuta na breki mbaya kuliko ulivyoanza.

Turudi kwenye mluzi. Pedi nyingi zina kibati kidogo kimechomoza pembeni, kazi yake ni moja tu: nyama ya pedi, ile sehemu inayosugua diski, ikibaki milimita 2 au 3 kinagusa diski na kupiga kelele. Kinakuambia mapema, na kinaanza kwa upole, mluzi wa mwezi mzima kama wako. Kikishapita mluzi ukawa mkwaruzo wa chuma kwa chuma, hapo nyama imeisha na unakula diski. Lakini sio kila mluzi ni kibati. Kutu ya usiku kwenye diski inalia asubuhi kwa breki mbili tatu halafu inanyamaza, pedi iliyoungua ikawa inang'aa kama kioo nayo inalia, pedi iliyofungwa bila grisi nyuma inatetemeka na kulia hata ikiwa mpya. Kwahiyo chungulia. Kwa rimu zenye matundu unaweza kuona pedi ya nje bila kufungua chochote. Pedi mpya ina nyama ya milimita 10 mpaka 12 hivi. Mimi kipimo changu cha jicho ni hiki, nyama ikishakuwa nyembamba kuliko lile bati la chuma lililoibeba, anza kutafuta nyingine. Ila ya nje haikuambii habari ya ya ndani, na ya ndani ndio mara nyingi inaisha kwanza.

Kuhusu fundi aliyekuambia na diski, usimwite mwizi bado. Inawezekana ana haki, inawezekana amezoea tu kubadili vyote. Kuna njia ya kujua bila ubishi: karibu kila diski imeandikwa unene wake wa chini kabisa, pale katikati au kwenye ukingo, utaona MIN halafu namba na mm. Ukipima ukakuta iko chini ya hapo, au pedi mpya itaifikisha hapo kabla haijaisha, badili, na badili zote mbili za mhimili mmoja. Angalizo la kupima: diski ya zamani inaacha mdomo mnene kwenye ukingo ambao pedi haigusi, ukibana venia, kile kipimo cha unene, juu ya mdomo huo utapata unene wa uongo. Pima ndani, pale panapong'aa. Nyufa ni mwisho wa mjadala. Mikwaruzo midogo kama mistari ya santuri sio kitu, mfereji ambao kucha inakwama ni kitu. Na kama usukani unatetemeka ukifunga breki, watu watakuambia diski zimepinda. Mara nyingi hazijapinda, zimeshika nyama ya pedi kwa mabaka au zilifungwa juu ya habu, kile kitovu diski inapokaa, yenye kutu, zikawa zinayumba kidogo sana kila mzunguko mpaka unene ukawa hauko sawa.

Sasa tuseme pedali imepona na pedi ndizo zimeisha. Unaweza kufanya mwenyewe? Ndio. Rafiki yako hajakudanganya isipokuwa kwenye mambo mawili. Saa moja ni ya mtu aliyefanya mara mia, wewe tenga siku nzima na uwe na njia nyingine ya kwenda kazini kesho yake. Na ile jeki ya gari ni ya kubadilishia tairi pembeni ya barabara, sio ya kufanyia kazi. Hapa siwezi kulegeza hata kidogo. Jeki inanyanyua, stendi ndio inashikilia. Utakuwa unavuta boliti zilizoganda, gari inatikisika, na jeki ile ina kiguu kimoja. Nunua au azima stendi, ziweke pale kitabu cha gari kinapoonyesha, sakafu iwe ngumu na tambarare, magurudumu ya nyuma yawekewe kabari, gia kwenye P, handibreki juu. Tairi uliyoitoa isukume chini ya gari kama akiba ya roho.

Nati za tairi zilegeze kidogo gari ikiwa bado chini. Kisha fanya upande mmoja tu kwa wakati, usifungue pande zote mbili, maana ukichanganyikiwa nani anakaa wapi unaenda kuchungulia upande wa pili ambao haujaguswa. Piga picha kwa simu kila hatua. Kata usukani upande mmoja upate nafasi, fungua boliti ya chini ya kalipa, kwa gari nyingi kalipa itanyanyuka juu kama kifuniko. Ukilazimika kuitoa kabisa, ifunge kwa waya kwenye springi. Usiiache ining'inie kwa hozi. Hozi ile kwa nje haitaonyesha kitu, ndani inachanika, na miezi baadaye unapata breki inayobana na haiachii na hakuna anayejua kwanini.

Hapa ndipo video nyingi zinakimbia, na mimi ndipo nataka ukae. Zile pedi za zamani usizitupe pembeni. Ziweke sakafuni mbili mbili, ya ndani na ya nje, kulia na kushoto, uzisome. Zikiwa sawa zote nne, kalipa zako ni nzima, funga mpya uendelee na maisha. Ya ndani ikiwa imeisha na ya nje bado nene, ujue kalipa haitelezi: zile pini mbili inazotembelea zimekauka au zina kutu, au pistoni hairudi. Ikiwa imeliwa mshazari kama kabari, pini moja imeganda. Upande mmoja wa gari umeisha na mwingine bado mpya, kalipa moja inabana muda wote, na nina hakika gari imekuwa ikivuta upande au rimu moja inakuwa ya moto kuliko nyingine. Ukifunga pedi mpya bila kutibu hayo, utarudi hapohapo muda si mrefu utasema pedi zilikuwa feki. Chomoa pini kwa mkono, zinatakiwa ziteleze kwa vidole bila kugoma. Zisafishe, paka grisi ya breki, ile ya silikoni isiyoharibu raba. Usipake grisi ya kawaida ya bearing, inavimbisha raba za pini na kuzigandisha.

Kurudisha pistoni ndani ni jambo la upole. Fungua kifuniko cha mkebe kwanza na uangalie kiwango, na wewe ndio hasa maana uliongeza mafuta pedi zikiwa zimeisha: ukirudisha pistoni yale mafuta yote yanarudi juu, mkebe unafurika, na mafuta ya breki yanababua rangi ya gari. Nyonya kiasi kwa bomba la sindano safi kabla hujaanza, ikimwagikia bodi osha kwa maji mengi hapohapo. Weka pedi ya zamani juu ya pistoni, bana kwa klempu, pole pole. Ikigoma kabisa, usipigane nayo, hiyo kalipa inaumwa. Na usije ukafanya hivi kwenye kalipa za nyuma zenye handibreki ndani yake, nyingi pistoni yake inarudi kwa kuzungushwa kama skrubu, ukiilazimisha kwa klempu umeivunja. Gari yenye handibreki ya kitufe inahitaji iwekwe kwanza kwenye hali ya matengenezo, na baadhi ya haibridi zinaweza kujaza presha ya breki zenyewe ukifungua mlango tu, vidole vyako vikiwa humo. Gari za namna hiyo waachie wenye mashine.

Vumbi la breki usilipulize, sio kwa mdomo sio kwa kompresa. Zamani pedi nyingi zilikuwa na asbesto, na kuna sehemu bado zinauzwa, wala kwa kuangalia huwezi kujua. Vaa barakoa, lowesha kwa spirei ya kusafishia breki, futa kwa kitambaa. Petroli na dizeli ziweke mbali na raba. Brashi ya waya pitisha pale masikio ya pedi yanapokaa, kutu ikitoka pedi iingie kwa mkono bila nyundo. Grisi ya breki kidogo sana kwenye masikio na nyuma ya bati, kidogo kama dawa ya mswaki ya mtoto. Ikigusa nyama ya pedi au diski, umeiharibu. Diski mpya zinakuja na mafuta ya kuzuia kutu, lazima yaoshwe. Na angalia kile kibati cha mluzi kikae upande uleule kilipokuwa kwenye ya zamani. Unacheka, lakini nimepokea gari pedi zimefungwa kinyume, bati ndio linatazama diski, mwenyewe analalamika pedi mpya zina kelele.

Kaza boliti kwa kipimo cha kitabu cha gari yako, kwa torki renchi, ile spana inayopima nguvu. Boliti za pini ni ndogo na zinakatika kirahisi kwa mtu mwenye hasira. Nati za tairi kaza kwa msalaba, sio kwa kuzunguka.

Halafu, mkuu, kabla hujawasha gari. Nikiwa bado kijana wa spana nilimaliza pedi za mbele, nikafurahi, nikaruka kwenye kiti niitoe gari nje. Nikaweka rivasi, ikaanza kurudi, nikakanyaga breki, mguu ukaenda mpaka kwenye zulia. Hakuna kitu. Nikakanyaga tena, bado. Ya tatu ikashika, bampa ikiwa imeshagusa ukuta. Hakukuwa na kosa lolote kwenye kazi yangu. Pistoni nilizirudisha ndani, zikawa mbali na pedi, na zinahitaji kusukumwa mpaka ziguse. Kwahiyo ukiwa umekaa, gari imezimwa, kanyaga taratibu mara nyingi mpaka pedali iwe ngumu na juu. Kisha angalia mkebe, mafuta yawe kati ya alama mbili. Kisha washa, kanyaga tena. Ikibaki laini, gari haitoki.

Ikishakuwa sawa tafuta barabara tupu, nenda kwenye kilomita 50 kwa saa hivi, punguza kwa breki ya wastani mpaka karibu 10, usisimame kabisa, ongeza tena, kama mara kumi hivi. Ile nyama inaacha utando sawasawa juu ya diski na zote zinazoeana. Ukisimama kabisa zikiwa za moto na mguu juu ya breki zinaacha baka, na ndio mtetemo niliousema unaanzia hapo. Maliza kwa kutembea kidogo bila breki zipoe. Kuna harufu kidogo, moshi mwembamba pengine, ni kawaida siku ya kwanza. Siku chache za mwanzo acha nafasi na gari ya mbele, na baada ya kilomita kama 50 mpaka 100 pitia nati za tairi tena.

Mambo ya kukuzuia katikati ya kazi na kumuita fundi hapo ulipo: boliti imezunguka kichwa au imekatika, pistoni haitaki kurudi au raba yake ya vumbi imechanika na kuna unyevu ndani, hozi ina nyufa, pedali haipandi baada ya kukanyaga kanyaga. Na baada ya kazi, gari ikivuta upande mmoja ukifunga breki au taa nyekundu ikiwaka, simama, piga simu.

Najua utaniuliza na za nyuma je. Sio lazima zibadilishwe pamoja na za mbele, ukifunga breki uzito wa gari unaegemea mbele na breki za mbele ndizo zinabeba kazi kubwa, kwahiyo zinaisha kwanza. Kinachotakiwa ni kulia na kushoto za mhimili mmoja ziende pamoja. Ila maadam kipimo cha pedali kinakusubiri na tochi utakuwa nayo mkononi, zile za nyuma zichungulie siku hiyohiyo, halafu niandikie pedali ilifanya nini ulipohesabu mpaka sitini.